Sahani Niliyomnyang'anya Fundi

Maishani mwangu nimemnyang'anya mtu sahani mara moja tu, na mtu huyo alikuwa Fundi. Alikuwa ameshanawa mikono, tonge liko vidoleni, watu kama ishirini wanatazama. Lakini nikianzia hapo mtanichukia kabla hamjanielewa, tena mtakuwa hamjui nilimnyang'anya nani. Subirini kidogo, ingawa hata mimi kusubiri hunishinda.

Kamembe, mji wetu wa mpakani huku Rwanda, ina mafundi cherehani wengi, lakini ukisema Fundi ukanyamaza, kila mtu anajua unamsema yeye: mzee mwembamba, Mwislamu, kofia yake nyeupe imekwisha kuwa rangi ya chai, futi ya kupimia shingoni hata siku ya sikukuu. Chumba chake cha kushonea kiko nyuma kidogo ya soko, na ukisimama mlangoni pake unaiona Bukavu ng'ambo ya maji, nchi ya jirani. Huko Bukavu ndiko nilikolelewa mimi, kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda. Niliingia kwa Fundi nikiwa msichana asiyejua kutunga uzi kwenye sindano, nikatoka miaka kumi na mmoja baadaye nikiwa na tumbo la miezi minane. Alizaliwa wapi na wazazi wake walikuwa nani, sikuwahi kuuliza, na yeye hakuwahi kusema.

Sijaona mtu mwenye haraka kama yule mzee. Alitembea kama mtu ambaye mvua iko hatua mbili nyuma yake. Alianza nguo tatu kwa pamoja, akaiacha ya kwanza kwenye mkono, ya pili kwenye ukosi, akakimbilia mlangoni kuchungulia kama umeme umerudi kwa jirani, akirudi amesahau alikuwa na ipi. Kumpima mteja kiuno kulimchukua muda wa kupiga chafya. Na huyo huyo, mteja akimwuliza gauni la harusi litakuwa tayari lini, alijibu huku miguu inakanyaga cherehani mpaka meza inatetemeka: "Maman, haraka haraka haina baraka." Sisi tuliokuwa tunajifunza tulificha nyuso kwenye vitambaa tukacheka. Mimi mwenyewe nina ugonjwa huo huo, siwezi kutulia mahali pamoja. Labda ndiyo sababu hakunifukuza mwaka wa kwanza, nilipoichoma kwa pasi ya makaa suruali ya mteja wake mkubwa.

Lakini saa sita mchana ikifika, haraka yote iliisha kwa amri. Alifunika cherehani, akatandika mkeka, akapiga kofi moja, akaamuru kwa Kiswahili chetu cha ziwani:

"Mukae! Bote mukae. Chakula ya wima haifikake mu miguu."

Sinia lilikuwa moja, nasi tukalizunguka. Siku nyingine ulikuwa ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, siku nyingine wali wa Bugarama na sambaza za kukaanga, zimetoka ziwani asubuhi hiyo. Mteja akitokea saa hiyo alivutwa mkono, akaketishwa. Namkumbuka mama mmoja aliyekuja kugombana kwa sababu ya sketi iliyombana. Alipewa nafasi kwenye mkeka, akala, akaomba pilipili, akaaga vizuri na kuondoka na sketi ile ile chini ya kwapa. Kesho yake ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa amekuja kugombana.

Kituko ni kwamba mtu aliyetukalisha wote, mwenyewe hakai. Alisimama mlangoni na kisahani chake, ametupa mgongo, akala matonge matatu, kisha akatoa neno lake la siku zote: "Bon. Niko na kazi." Matonge matatu, miaka kumi na mmoja. Tulimtania kwamba ndiyo maana miguu yake imekonda hivyo, chakula hakijawahi kuifikia. Alicheka nasi, ila hakukaa. Arusini, msibani, kwa tajiri, kwa maskini, ilikuwa vile vile.

Mwaka wa pili nikamwuliza, kwa sababu swali likinikaa mdomoni linaniwasha. Nilijua tu kwamba mke wake alifariki kabla sijamfahamu. Fundi aliinama akakata uzi kwa meno.

"Nikikaa, naangaliaka nani ananipakulia," akasema. "Nisipomuona, chakula inapita mubaya."

Sikuuliza tena.

Kisu chake nacho kina habari yake. Hapa kwetu Wakristo na Waislamu tunaishi ukuta kwa ukuta, na Mwislamu hali nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu mwenzake kwa jina la Mungu. Kwa hiyo ukiwa Mkristo kama mimi, na unataka majirani wote wale kutoka sufuria moja, kuku wako unampeleka kwa Fundi. Mkesha wa Noeli foleni ya watu na kuku wao ilifika barabarani. "Noeli, mimi naitumikia kuliko padiri," alinung'unika, huku uso wote umejaa raha. Kisu alikiosha kwa majivu na ndimu, akakitunza kimeviringishwa kwenye kipande cha kitambaa cha kikwembe. Alikohoa mara mbili, daima mara mbili, akatamka maneno yake kwa sauti, akakata, halafu akageuza uso upesi kwa sababu damu ilimtia kizunguzungu. Ndiyo, mtu aliyewachinja kuku wa mtaa mzima hakuweza kutazama damu. Kunyonyoa je? Alikuwa ameshafika kona.

"Sufuria mbili ni mitaa mbili," alipenda kusema. Na usithubutu kumtajia ile methali ya mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Angesimamisha cherehani katikati ya mshono. "Ile ilitungwa na muntu alikuwa anakula peke yake," angesema, na mteja angengoja.

Halafu kuna jambo la sahani. Ukimpelekea jirani chakula, sahani yako hairudi tupu. Ni desturi ya wengi, lakini Fundi aliishika kama sala. Sahani ilirudi na ndimu mbili, au parachichi, na siku ambayo nyumbani kwake hakuna kitu, ilirudi na uzi wa rangi uliyokuwa umeisifia wiki iliyopita. Mama yangu mzazi alikuwa na uzi wa Fundi wa rangi saba na hakujua hata kushona kifungo.

Niliolewa, ikapita miaka saba bila mtoto. Watu wana midomo, mnajua. Fundi, ambaye aliongea kuanzia asubuhi hadi jioni, juu ya jambo hilo hakuwa na mdomo kabisa, na mteja aliyeligusa alirudishiwa kitambaa chake hakijakatwa. Siku moja nilikuwa nimelia, nimeharibu mishono miwili mfululizo, naye akasema bila kunitazama:

"We binti, sikia. Siku utazaa, nitakaa. Kwako, ku kiti, na nitakula mupaka sahani ionekane chini."

Niliishika ahadi hiyo kuliko dawa zote nilizopewa. Nilikuwa nikimwona tayari: kofia, futi shingoni, magoti yamekunjwa chini ya meza yangu. Nilitaka mtoto, Mungu anajua, na nilitaka pia yule mzee akae ale kwangu, na vitu hivyo viwili vikawa kimoja moyoni mwangu.

Basi nikajifungua, mtoto wa kike, hospitalini Mibirizi, tukarudi naye Kamembe. Watu wakaanza kuja na vyakula, maana kwetu mzazi mpya hulishwa: uji wa mtama, maharagwe, samaki, ndizi za kupika kutoka Gashonga kwa wakwe zangu. Nyumba ilinukia vizuri na mimi sikula. Au nilikula nimesimama, kijiko mkono mmoja, mtoto mkono mwingine. Uji ulipoa, nikaupasha moto, mtoto akalia, ukapoa. Nilizunguka chumba kile mpaka nikajua kila ufa wa ukuta. Sauti ya Fundi ilinifuata kichwani, chakula ya wima, chakula ya wima, nami nikaijibu kwamba Fundi hajawahi kunyonyesha.

Siku ya nane ndiyo siku ya kumpa mtoto jina. Watoto wa jirani huitwa wakala maharagwe na ndizi pamoja, wakubwa wakaja kula, kila mtu akataja jina analompendea mtoto, na mzazi hutoka chumbani na mwanawe akiitwa, si kabla. Asubuhi na mapema Fundi alikuja na kisu chake. Kutoka kitandani nilimsikia nyuma ya nyumba: kikohozi mara mbili, maneno yake, kimya. Kisha tena kikohozi mara mbili, maneno, kimya. Kuku wawili. Akaja dirishani akihema.

"We binti, saa sita nakuya. Nitakaa."

Na miguu yake ikaondoka mbio. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akashtuka.

Mume wangu huendesha pikipiki ya abiria, na ni mtu mwema mwenye kasoro moja: hawezi kuvumilia mgeni akose kitu. Wakwe walifika kutoka Gashonga wakiwa mara mbili ya tuliowatazamia, na mama mkwe alikuja na jogoo hai, zawadi ya mjukuu. Saa nne hivi nikamsikia jogoo akilia chini ya dirisha langu, kisha kimya. Hapakuwa na kikohozi.

"Fundi amerudi?" niliuliza kwa dirisha.

"Lala, maman. Bageni banaongezeka," mume wangu akajibu.

"Ile jogoo nani amekata?"

"Ni ya ba Gashonga. Ni bo batakula."

Nikajua basi, atapikwa peke yake, kwa ajili ya wakwe. Mtoto akashika ziwa, na usingizi wa siku nane ukanichukua nikiwa nimekaa.

Nilichoamshwa nacho kilikuwa kikohozi cha Fundi, sebuleni, na mlio wa kiti kinachovutwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa anaingia na sahani yangu, wali na kuku wa mchuzi mwekundu. Ndiye aliyepika.

"Sufuria ngapi?" nikamwuliza.

"Moja, ile kubwa. Kuku zote tatu," akasema kwa furaha. "Ama tungegawanya?"

Hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia. Jogoo alifika jikoni amenyonyolewa kama wenzake, na wageni wako mlangoni.

Sikufikiri. Ningefikiri ningemwita mume wangu pembeni, au ningemtuma wifi, au ningefanya chochote cha mtu mwenye akili. Nilitoka bila kuitwa, bila viatu, mtoto mkononi, na wote wakageuka. Waislamu wengine wa mtaa walikuwa wamepita asubuhi na zawadi zao wakaenda kazini. Mwislamu aliyebaki mezani alikuwa Fundi peke yake. Alikuwa amekaa. Kwenye kiti. Magoti yamekunjwa chini ya meza yangu, na kofia ilikuwa mpya, nyeupe kabisa. Aliponiona alitabasamu kama mtu aliyelipa nadhiri, na tonge lilikuwa linapanda. Niliishika sahani nikaivuta.

"Hii sahani si yako, Fundi."

Ndiyo maneno niliyoyapata. Mengine yote yalikwama. Kama ningesema sababu, ningemwambia mama mkwe mbele ya ukoo wake kwamba zawadi yake imeharibu chakula, na ningewaambia majirani kwamba mume wangu amekaribia kumlisha haramu mzee aliyetuchinjia miaka yote. Hadithi hiyo ingemsindikiza mtoto wangu mpaka arusi yake. Nikasimama pale na sahani moja na aibu mbili mkononi, yake na yangu, na nikachagua kunyamaza.

Fundi alilirudisha tonge kwenye ukingo wa sahani, polepole, asimdondoshee mtoto. Polepole, yeye. Akafuta vidole kwa leso.

"Bon," akasema. "Niko na kazi."

Mume wangu aliitazama sahani, akanitazama mimi, nikamwona anaelewa na rangi inamtoka. Naye hakufungua mdomo.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Mama mkwe alibaki kunisaidia, na kutoka nje alinikataza mpaka mtoto akomae kidogo. "Umefukuza muzee siku ya jina ya mutoto," aliniambia huku akinipa uji, na uji huo huo ukawa mchungu. Mume wangu alienda kwa Fundi na pikipiki mara mbili, akafika mlangoni, akapitiliza kama anayempeleka abiria. Simu niliishika, nikatafuta namba ya Fundi, nikaiweka chini. Nilitembea chumbani na mtoto begani, mlangoni, dirishani, mlangoni.

Mwishowe nikamtuma mtoto wa jirani ampelekee maharagwe na wali, bila nyama, kwenye sahani yangu yenye maua. Sahani ilirudi siku hiyo hiyo. Ilikuwa imeoshwa vizuri, na ilikuwa tupu. Niliigeuza nikatazama chini yake kama mjinga, pengine kuna uzi umenata. Hapakuwa na kitu. Nikalia mbele ya mama mkwe, naye kwa mara ya kwanza hakunilaumu.

Halafu jirani akaja na habari kwamba Fundi hachinji tena. Ukimpelekea kuku anasema kisu kimepotea. Arusi iliyofanyika mtaa wa chini watu walipika sufuria mbili, Waislamu upande huu, Wakristo upande ule, na kila upande ulikula upesi ukaondoka. Jirani alisimulia kama jambo la kuchekesha. Mimi nilijua ni nani aliyevunja kile kitu, na nilishindwa kukaa, nilishindwa kusimama.

Mtoto alipofikisha wiki sita alitakiwa kwenda chanjo. Nilimfunga mgongoni, nikaenda, akachomwa, akalia, akanyamaza, na nilipotoka sikurudi nyumbani. Nilipita nyuma ya soko.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, ameupa mlango mgongo. Kofia ilikuwa ile ya zamani.

"Kaa," alisema bila kugeuka. Nadhani alizijua ndala zangu.

"Sikai mupaka niseme."

"Basi sema wima."

Nikasema yote kwa pumzi moja: kuku wawili, jogoo, dirisha, wifi, sufuria. Alikuwa anaendelea kushona. Nilipofika kwa jogoo, gurudumu la cherehani likasimama.

"Nani alikata?"

Nikakaza nguo niliyombebea mtoto.

"Binti. Nani alikata?"

"Bwana yangu. Hakuambia ule alipika. Bageni balikuwa bengi."

Alichomoa uzi kwenye sindano taratibu, na mimi nikaanza kutumaini. Kisha akageuka, na sijawahi kumwona na hasira namna ile.

"Wiki sita!" akasema. "Unajua nilifikiri nini? Nilinusa mikono yangu mu njia. Muntu muzima, mu barabara, nanusa mikono. Nilifika nyumba nikaosha na majivu, nikaosha na ndimu, nikanusa tena. Nikasema, muzee, unanuka damu, binti ameogopea mutoto yake. Kisu nikaficha chini ya sanduku."

Nilitaka ardhi inimeze. Kitu hicho hakikuwahi kunipitia akilini hata mara moja. Siku zote hizo nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anajinusa.

"Sahani, ulifanya muzuri kuibeba," akaendelea, sauti imeshuka. "Ile nakushukuru. Lakini neno, binti? Neno moja, ata ku simu?"

"Niliona haya juu ya bwana yangu."

"Na haya yangu mimi, nani aliibeba?"

Mtoto aliamka mgongoni akaanza kulia. Fundi alinyoosha shingo akamtazama, kwa mara ya kwanza, kwa sababu siku ile ya jina hakupata nafasi. Akamtazama kwa muda. Alimshika mguu mdogo kwa vidole viwili, kisha, nilimwona, akavinusa vidole vyake.

"Hunuki kitu, Fundi," nikasema nikilia. "Nitaleta kuku hapa. Tutakula hapa ku mukeka."

"Apana." Akafuta macho kwa futi. "Nitakula kule kule mulininyang'anya. Ku kile kiti. Na kuku ailete yeye, bwana yako. Kwa mukono yake."

Jumamosi mume wangu aliamka, akamfunga kuku kwenye pikipiki, akaenda. Walichosemezana mimi sikijui hadi leo. Alirudi na kuku aliyechinjwa, macho mekundu, akasimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki kichwani.

"Amekohoa mara mbili," akaniambia.

Mume wangu mwenyewe alimweleza mama yake habari ya jogoo, jikoni, mbele yangu. Mama mkwe alishika mdomo, akakaa chini juu ya kigoda. Kisha akainuka, akaichukua ile sufuria kubwa, akatoka nayo nje na majivu na ndimu, akaisugua mpaka nikahofia itatoboka. Aliponipa uji siku hiyo alikuwa ametia maziwa.

Fundi alifika saa sita. Akavua viatu, akaingia, akakaa kwenye kiti kile. Mume wangu alimnawisha. Tulikuwa wanne tu mezani na mtoto: yeye, mume wangu, mama mkwe, na mimi, kama nilikuwa mezani, maana nilikuwa nakimbia. Nilileta chumvi. Nilirudi kuleta pilipili. Nikamchukua mtoto, nikamlaza, nikakumbuka maji. Nilipogeuka na jagi, nikaona hakuna aliyeanza. Fundi alikuwa ameweka mikono juu ya meza, ananitazama.

"Mama mutoto," akasema. Miaka yote hiyo nilikuwa binti. "Kaa. Sikulake na muntu ya wima."

Nikakaa. Mama mkwe akampokea mtoto. Chakula kilikuwa cha moto na nilikuwa nimesahau ladha ya wali wa moto. Nilikula nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa na njaa. Lakini jicho langu lilikuwa kwake. Alikula tonge la kwanza. Alikula la pili, na kipande cha paja. Akala la tatu, akatafuna taratibu, akapumzisha mkono.

Wote tulilijua neno linalofuata. Mume wangu, kwa mazoea tu, aliinuka akachukua beseni na maji ya kunawa, akaja akasimama kando ya kiti chake. Mimi nilitazama meza. Nilijiambia kwamba matonge matatu yanatosha, amekaa, ametimiza, usiwe na uroho.

Fundi aliitazama beseni. Akaitazama sahani yake, ambayo chini yake ilikuwa bado haijaonekana, akachukua tonge jingine, na jingine, na mume wangu amesimama tu na beseni, mpaka yakatokea maua ya sahani. Ndipo akaisukuma kuelekea kwangu.

"Ongeza, maman," akasema. "Leo siko na kazi."